Sanduku Lililoyashinda Mabilioni: Rekodi za Kesi za Tumbaku

Kiasi kikubwa kuliko vyote kilichowahi kutamkwa mahakamani dhidi ya watengenezaji wa sigara ni dola bilioni 145. Kilitamkwa Miami, jimbo la Florida, tarehe 14 Julai 2000, na jopo la raia 6 wa kawaida walioitwa kusikiliza kesi na kuamua. Walikuwa wamekaa kwenye viti vile kwa karibu miaka miwili. Kukubaliana juu ya fedha hizo kuliwachukua muda usiofika saa tano. Magazeti yakaiandika tarakimu hiyo kwa herufi nene. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikaifuta, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Florida ikakubali kwamba ilikuwa imepita kiasi.

Nimeanza makusudi na rekodi iliyofutwa. Kila anayetafuta "kesi kubwa kuliko zote" za tumbaku hukimbilia tarakimu, na tarakimu ndizo zinazopoteza njia. Los Angeles, mwaka 2002, mwanamke aliyeugua saratani ya mapafu alipewa dola bilioni 28. Jaji akazishusha hadi milioni 28, na baada ya rufaa na jopo jipya, mwaka 2009 zikawa milioni 13.8. Pensacola, mwaka 2014, mjane wa mvutaji alipewa bilioni 23.6, nazo zikayeyuka vivyo hivyo. Mabilioni yaliyotangazwa kwa kishindo mara nyingi hayakufika kwa wagonjwa. Kilichofika, tena kwa watu wote, ni karatasi za siri za kampuni, na ndizo zilizogeuza vita dhidi ya tumbaku.

Lakini kesi ya Miami isidharauliwe. Ilibeba jina la Howard Engle, daktari wa watoto aliyevuta sigara na kushindwa kuiacha. Mahakama ya Juu ya Florida ilipokubali mabilioni yafutwe iliacha jambo moja limesimama: mgonjwa wa Florida aliyekuwa ndani ya kundi lile angeweza kuja na kesi yake mwenyewe bila kuthibitisha upya kwamba sigara husababisha saratani, kwamba nikotini humfanya mtu mtumwa wake, na kwamba kampuni zilificha zilichokijua. Maelfu walikuja. Kesi zao ndizo zilizolipwa, moja moja, kwa miaka mingi baadaye.

Ukame mrefu kuliko wote

Tarehe 4 Januari 1954 kampuni za sigara za Marekani zilinunua kurasa katika magazeti zaidi ya 400 na kuwaahidi wateja kwamba afya yao ni jukumu linalozidi biashara. Mwaka huohuo wagonjwa wa kwanza walifungua kesi. Miaka 34 ikapita bila jopo lolote kuamuru mvutaji alipwe hata senti. Mbinu ya kampuni ilikuwa rahisi na ya kikatili: usikubali kamwe kusuluhisha, mwite kila shahidi, omba kila karatasi, kata kila rufaa, mpaka wakili wa mgonjwa aishiwe fedha au mgonjwa mwenyewe azikwe.

Aliyevunja ukame huo ni Rose Cipollone wa New Jersey, na hakuwahi kujua. Alianza kuvuta akiwa na miaka 16, akafungua kesi mwaka 1983, akafariki mwaka 1984. Mumewe akaendelea. Juni 1988 jopo likasema Rose mwenyewe abebe asilimia 80 ya lawama, lakini likaamuru mume alipwe dola 400,000. Hukumu ya kwanza ya aina hiyo katika historia! Rufaa ikaitengua. Mume naye akafa, mtoto wao akashika usukani, kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1992, kisha familia ikachoka na kuiondoa. Hawakupata senti. Walichowaachia wengine ni uamuzi wa mahakama hiyo kwamba onyo lililochapishwa kwenye pakiti haliizuii kesi ya udanganyifu. Kampuni iliyodanganya ingeweza kushtakiwa kwa uongo wake.

Fidia ya mvutaji ikaja kulipwa kweli mwaka 2001. Grady Carter, mwongozaji ndege mstaafu wa Florida aliyevuta kwa miaka 44, alikuwa amepewa dola 750,000 na jopo la Jacksonville mwaka 1996. Rufaa zilipokwisha, pamoja na riba, akapokea takriban milioni 1.1. Tangu 1954 hadi siku hiyo ni miaka 47.

Sanduku zito kuliko yote

Sasa nifike kwenye rekodi ninayoipa kikombe.

Mei 1994 sanduku lilifika ofisini kwa Stanton Glantz, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California cha San Francisco. Jina la mtumaji lilikuwa "Mr. Butts", mhusika wa vibonzo mwenye umbo la sigara, kwa Kiswahili tungesema Bwana Vipisi. Ndani mlikuwa na kurasa zipatazo 4,000 za siri za kampuni ya Brown & Williamson. Karani mmoja wa sheria, aliyekuwa ameajiriwa kuzipanga nyaraka hizo kwa ajili ya mawakili wa kampuni, alikuwa amezitoa nakala na kuondoka nazo kidogo kidogo.

Kati ya karatasi hizo kuna moja ya mwaka 1963. Mwanasheria wa kampuni, Addison Yeaman, anaandika bila kuzungukazunguka kwamba nikotini inamteka mtumiaji, na kwamba biashara yao ni kuuza nikotini. Mwaka 1963! Isome karatasi hiyo kisha uitazame picha ya tarehe 14 Aprili 1994, mwezi mmoja tu kabla ya sanduku kufika: wakuu 7 wa kampuni za sigara wamesimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, mikono ya kulia juu, wanakula kiapo, kisha mmoja baada ya mwingine wanasema hawaamini kwamba nikotini humteka mtu. Miaka 31 inazitenganisha kauli hizo mbili, na katika miaka hiyo vijana waliambiwa kuwa kuacha ni suala la nia tu.

Glantz alizipeleka karatasi maktaba ya chuo. Kampuni ikatuma wapelelezi wa kukodi wakae humo na kuangalia nani anazisoma, kisha ikaenda mahakamani kuzidai kama mali iliyoibwa. Majaji wa California wakakataa. Julai 1995 zikawekwa kwenye intaneti, mwezi ambao jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha uchambuzi wake.

Kurasa 4,000 zilikuwa kionjo. Jimbo la Minnesota liliposhtaki, mwanasheria wake mkuu, Hubert Humphrey III, alishikilia kwamba kwanza anataka nyaraka, fedha baadaye. Kesi ilipomalizika kwa makubaliano tarehe 8 Mei 1998, jimbo lilipata zaidi ya dola bilioni 6, na kurasa zipatazo milioni 35 zilikuwa zimetoka kwenye makabati. Zilijaza ghala mjini Minneapolis, na ghala jingine likafunguliwa Guildford, Uingereza, kwa ajili ya nyaraka za kampuni ya sigara ya BAT. Leo maktaba ya San Francisco ina nyaraka zaidi ya milioni 14 zinazosomeka bure popote duniani. Sijui ukweli mwingine wa kibiashara uliowahi kuvuliwa nguo kiasi hicho.

Msomaji wa Nairobi asidhani hayo ni mambo ya Wamarekani. Watafiti waliozipekua nyaraka za BAT walichapisha mwaka 2007 makala iliyoonyesha kuwa kanuni za Kenya za mwaka 1994 kuhusu kilimo na uuzaji wa tumbaku ziliandikwa na kampuni hiyo yenyewe, zikapitishwa na serikali, na zilikusudiwa kumbana mshindani wake aliyekuwa akinunua tumbaku kwa wakulima walewale. Mkulima aliambiwa ni sheria ya nchi yake. Bila kesi ya Minnesota, tusingejua kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Malipo makubwa kuliko yote

Wazo lililoyaleta malipo hayo lilizaliwa Mississippi, jimbo maskini. Wakili wa mji mdogo wa Clarksdale alikwenda hospitali kumwona mgonjwa wa moyo aliyevuta sigara maisha yake yote. Gharama zilikuwa zinalipwa na mfuko wa serikali wa kuwatibu wasio na uwezo. Njiani kurudi nyumbani akajiuliza: kwa nini walipa kodi walipe? Akampelekea wazo mtu waliyesoma naye sheria, Mike Moore, ambaye wakati huo alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Mei 1994 Mississippi ikafungua kesi.

Uzuri wa hoja ulikuwa hapa. Kwa miaka 40 kampuni zilimjibu mgonjwa: ulichagua mwenyewe kuvuta. Jimbo halijawahi kuvuta sigara hata moja, ila bili za hospitali linazilipa kila mwezi. Jibu la zamani likakosa wa kujibiwa.

Mississippi, Florida, Texas na Minnesota zilipata makubaliano yao, jumla takriban dola bilioni 40. Tarehe 23 Novemba 1998 majimbo 46 yaliyobaki yakatia saini mkataba mmoja wa dola bilioni 206 kwa miaka 25. Mabango ya sigara ya barabarani yakashushwa Aprili 1999. Taasisi ya Tumbaku, iliyokuwa mdomo wa kampuni tangu 1958, ikafungwa. Bei ya pakiti ikapanda kwa senti 45 mara moja, na bei ndiyo inayowagusa vijana kuliko onyo lolote. Vibonzo vikapigwa marufuku katika matangazo. Yule ngamia wa matangazo ya sigara za Camel alikuwa ameshaondoka mwaka 1997 kwa sababu ya kesi nyingine iliyofunguliwa San Francisco; utafiti wa 1991 ulikuta watoto wa miaka 6 wanamtambua karibu sawa na Mickey Mouse.

Mwaka 1997 zaidi ya theluthi ya wanafunzi wa sekondari Marekani walikuwa wanavuta sigara. Kufikia 2024 hawakufika asilimia 2. Si mkataba peke yake uliofanya hivyo, lakini bila bei ile na bila mabango kushuka, sioni njia.

Sasa niseme linaloniuma. Fedha zilidaiwa kwa jina la wagonjwa, na majimbo yamezitumia kujenga barabara, kuziba mapengo ya bajeti, na mengine yakayauza malipo ya miaka ijayo kwa wawekezaji ili yapate taslimu leo. Kinachokwenda kwenye kinga dhidi ya tumbaku kwa mwaka ni takriban asilimia 3 tu ya mapato ya mkataba na kodi za sigara. Malipo makubwa kuliko yote ni pia fursa kubwa kuliko zote iliyochezewa.

Hukumu ndefu kuliko zote

Kurasa 1,683. Aliziandika Jaji Gladys Kessler wa Washington, Agosti 2006, katika kesi ambayo serikali kuu ya Marekani iliwashtaki watengenezaji wa sigara kwa sheria iliyotungwa kuwabana majambazi wa mafia. Serikali ilitaka dola bilioni 280 na haikuzipata. Mahakama ya rufaa ilikuwa imeshakataa. Jaji akaziamuru kampuni zitangaze kwa umma, kwa fedha zao, ukweli ziliouficha. Zikabishana juu ya kila neno kwa miaka 11. Matangazo yakaanza kutoka kwenye televisheni na magazeti Novemba 2017, wakati vijana wengi walishaacha kufungua vyote viwili.

Mdogo kuliko wote aliyeshinda

Uruguay ina watu wapatao milioni 3.4, wachache kuliko wakazi wa Dar es Salaam. Rais wake, Tabaré Vázquez, alikuwa daktari bingwa wa saratani, na hata akiwa rais watu waliendelea kumwita daktari. Serikali yake iliamuru picha za maonyo zifunike asilimia 80 ya pakiti, na kila jina la sigara liuzwe kwa sura moja tu, ili mtu asiuziwe pakiti ya dhahabu au ya buluu akidhani ina nafuu.

Februari 2010 Philip Morris ikaishtaki nchi hiyo kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, ikiegemea mkataba wa uwekezaji kati ya Uswisi na Uruguay. Mapato ya kampuni kwa mwaka yalizidi pato la taifa zima. Nchi nyingi maskini zilikuwa zinatazama, na bila shaka kutazamwa kulikuwa sehemu ya lengo: waziri wa afya popote pale akisikia kwamba picha kwenye pakiti zinaweza kumletea mawakili kutoka Geneva, atafikiri mara mbili. Uruguay ilipata msaada wa fedha kutoka mfuko wa hisani wa Michael Bloomberg, ikasimama. Tarehe 8 Julai 2016 baraza likaitupa kesi na kuiamuru kampuni iilipe Uruguay dola milioni 7 za gharama.

Vázquez alifariki Desemba 2020 kwa saratani ya mapafu, ugonjwa aliokuwa akiwatibu wenzake.

Australia iliburutwa mahakama nyingi zaidi kwa jambo moja: mahakama yake kuu nyumbani, usuluhishi chini ya mkataba na Hong Kong, na Shirika la Biashara Duniani. Kosa lake lilikuwa kuziondolea pakiti urembo wote kuanzia tarehe 1 Desemba 2012, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, na kuzipaka rangi ya kahawia-kijani ambayo watafiti waliichagua kwa kuwa watu waliiona mbaya kuliko nyingine zote. Ilishinda kote kutatu, mara ya mwisho mwaka 2020.

Kwetu: mshtaki ni kampuni

Huku Afrika Mashariki sura ni ile ya Uruguay. Anayekwenda mahakamani mara nyingi si mgonjwa. Ni kampuni, na anayeshtakiwa ni serikali iliyothubutu kuandika kanuni.

Uganda, hata hivyo, ina rekodi ya heshima ambayo haitajwi vya kutosha. Desemba 2002, kwa ombi la shirika la mazingira la TEAN, Mahakama Kuu mjini Kampala ilitamka kwamba kuvuta sigara hadharani kunavunja haki ya asiyevuta ya kuishi na kuwa na mazingira safi. Kanuni zikafuata mwaka 2004. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Uingereza kuzuia moshi katika baa zake. Bunge la Uganda lilipopitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, yenye maonyo ya asilimia 65 ya pakiti, BAT Uganda ikaenda Mahakama ya Katiba. Mei 2019 ombi lake likatupwa.

Kenya ndiyo iliyopanda ngazi zote. Kanuni za kudhibiti tumbaku zilizotangazwa mwishoni mwa 2014 zilitaka picha kwenye pakiti, viungo vya sigara viwekwe wazi, mikutano kati ya maofisa wa serikali na kampuni iwe na mipaka, na watengenezaji na waagizaji wachangie asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwenye mfuko wa kufidia madhara. Kipengele cha mikutano kisomwe pamoja na habari ya kanuni za Kenya za 1994 niliyoitaja. Aliyekiandika alijua anaziba tundu gani.

BAT Kenya ikadai wananchi hawakushirikishwa na siri zake za biashara zinaingiliwa. Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi ya Machi 2016, ikaziacha kanuni zisimame karibu zote. Mahakama ya Rufaa ikasema vivyo hivyo Februari 2017. Tarehe 26 Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mlango. Karibu miaka mitano kutoka kanuni hadi neno la mwisho. Kampuni ilishindwa ngazi zote tatu, ila muda nao una thamani yake, na muda iliupata.

Subira ndefu kuliko zote

Quebec, Kanada: kesi mbili za pamoja zilifunguliwa mwaka 1998. Ushahidi ukaanza kusikilizwa Machi 2012, na mmoja wa waliozipa kesi hizo majina yao, Jean-Yves Blais, akafariki mwaka huohuo. Mwaka 2015 Jaji Brian Riordan aliamuru kampuni tatu zilipe dola za Kanada bilioni 15 na zaidi. Rufaa ikashindwa Machi 2019, na ndani ya mwezi huo kampuni zote tatu zikakimbilia ulinzi wa sheria ya ufilisi. Mazungumzo ya faragha yakachukua miaka mitano. Machi 2025 mahakama ya Ontario ikaidhinisha mpango wa bilioni 32.5, sehemu kubwa ikienda kwa serikali za majimbo na kiasi kidogo kwa wagonjwa wenyewe. Miaka 27. Mtoto aliyezaliwa siku kesi inafunguliwa angekuwa ameshamaliza chuo, ameajiriwa na pengine ana mtoto wake.

Pakiti ambayo mnunuzi haioni

Kuna kibanda karibu na kituo cha daladala ninachopita kila jioni. Kiberiti cha gesi kimefungwa kamba na kuning'inia dirishani ili mteja awashe palepale asiondoke nacho. Pakiti ya sigara iko wazi, imesimamishwa nyuma ya chupa ya pipi, upande ambao muuzaji peke yake anauona. Kijana anaweka sarafu, muuzaji anatoa sigara moja, kijana anavuta kamba, anawasha, anaondoka. Pakiti haikugeuka.

Vibanda vya namna hiyo viko Dar es Salaam, Mombasa, Kampala, Bujumbura. Sheria ya Kenya inakataza kuuza sigara moja moja, na bado zinauzwa. Picha iliyopiganiwa Nairobi hadi Mahakama ya Juu imechapishwa kwenye kasha. Anayenunua moja hapewi kasha.